Bei ya Noeli na Dhamiri ya Mwenye Duka

Kila mwaka, Majilio yakaribiapo, wenye maduka wa Bariadi huelekeza mawazo yao kwenye bahari wasiyoiona. Nguo za watoto, viatu na vyombo vya sikukuu vimo ndani ya makontena, na safari ya kontena ni ndefu. Sharti meli ifike Dar es Salaam, ingoje zamu ya gati, mzigo upakuliwe, ushuru wa forodha ulipwe. Kisha lori lisafiri zaidi ya kilometa 1,000, lipite Dodoma na Singida, lishike njia ya Mwigumbi na Maswa. Pakiziba mahali pamoja tu, duka la Bariadi hubaki tupu. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi ziliikimbia njia ya Bahari ya Shamu kwa hofu ya mashambulio, zikaizunguka Afrika yote. Hata mizigo isiyopita njia ile iliguswa, kwa maana meli na makontena yalikuwa haba.

Basi lazuka swali. Mtu mmoja aliagiza mapema, na mzigo wake umo ghalani. Shehena ya wenzake ingali bandarini. Je, ana ruhusa ya kuuza viatu vya mtoto kwa bei maradufu, kwa kuwa leo hakuna mwingine auzaye?

Tusiwe wepesi kumhukumu. Alifunga fedha zake miezi mingi, akalipa kodi ya ghala, akajitia katika hatari ya kubaki na mali isiyonunuliwa. Busara yake yastahili faida. Na gharama zikizidi, ni haki bei izidi. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitenga mambo mawili. Muuzaji aweza kudai fidia ya hasara yake mwenyewe. Bali shida ya mnunuzi si mali ya muuzaji, wala hana haki ya kuiuza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, nayo yakataza kupandisha bei kwa kutumia ujinga au dhiki ya mwingine.

Na dhiki hiyo twaijua. Katika Simiyu pamba huanza kuuzwa mwezi wa Mei. Ifikapo Desemba fedha zake zimepungua, na mvua imekwisha kuwaita watu shambani. Baba aingiaye dukani na noti chache amezitoa katika fungu la mbegu.

Lipo swali gumu zaidi. Mwenye duka amepigiwa simu usiku: makontena ya wenzake yametoka, malori yatafika baada ya siku 3. Je, yampasa kuwaambia wanunuzi? Swali hili ni la kale. Cicero, mwandishi wa Roma, aliliuliza mwaka 44 kabla ya Kristo, juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, akijua meli nyingine zaja nyuma yake. Cicero aliona kwamba kuficha habari hiyo ni kosa. Mtakatifu Toma alijibu kwa upole zaidi: auzaye kwa bei aliyoikuta havunji haki; ila akisema ukweli, au akipunguza bei, fadhila yake ni kubwa zaidi.

Je, mpagani amemshinda mtakatifu? La. Mtakatifu Toma alionyesha mpaka wa haki. Hakusema Mkristo aishie mpakani. Tena yule wa Rhodes alikuwa mgeni, auze kisha atweke tanga. Mwenye duka wa Bariadi atapiga magoti Usiku wa Noeli pamoja na yule baba, na malori yakiisha kufika, baba atajua. Na aliyeipandisha bei mwenyewe hawezi hata kujikinga kwa jibu lile. Naye asemaye kwamba hakuna mzigo ujao hanyamazi tena, bali asema uongo.

Basi, wafanyabiashara, agizeni mapema, wala msipokee arbuni kwa mali ambayo hamjui siku yake ya kufika. Ahadi ni deni. Nanyi wazazi, msiifunge Noeli katika kontena. Mtoto aliyevaa nguo ya zamani iliyofuliwa vema hana upungufu mbele ya Pango. Aliyelala ndani yake alivikwa nguo za kitoto tu, akalazwa horini.