Bibi, Mimi Nani?

Kila mgeni anayekuja Pangani kumjulia hali bibi ana swali lilelile: "Bibi, mimi nani?" Kisha anangoja, kama mwalimu aliyeshika chaki.

Bibi, mtu wa adabu zake, hujibu: "Hee! Nikusahau wewe? Hujambo, mwanangu? Wa nyumbani hawajambo?" Mgeni huondoka ameridhika. Sisi tunaobaki tunajua kwamba bibi chai kainywa sasa hivi, na punde atauliza mbona leo hapewi chai.

Majirani walisema ni uzee. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema kuna mkono wa mtu. Hospitali wakasema ni Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimhoji mama wa miaka 51, Auguste Deter. Jina lako? Auguste. La mumeo? Auguste. Mama huyo anakula koliflawa, akiulizwa anakula nini, anasema spinachi. Auguste alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini: umesinyaa, baina ya seli pana mabonge, na ndani ya seli nyuzi zimejisokota. Leo tunajua mabonge ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni za tau. Hipokampasi, sehemu inayopokea mambo mapya, huwa miongoni mwa za mwanzo kuharibika. Ndiyo maana chai ya asubuhi haina pa kukaa, ilhali harusi yake bibi anaisimulia mpaka aliyerudia sahani ya pilau.

Daktari alikuwa na sababu ya kuuliza. Sisi je? Mimi mwenyewe siku moja nilimng'ang'aniza, "Jaribu, bibi, jaribu," mpaka akavuta kanga akajifunika uso.

Tangu hapo jibu naingia nalo: "Shikamoo bibi, ni mimi, kitinda mimba wa mwanao wa Tanga." "Marahaba." Nakaa ubavuni pake, si mbele yake, namwekea miyaa mapajani. Mazoea ya mikono yana njia zake nyingine ubongoni, na mara nyingi huchelewa kuondoka. Vidole vinaanza kusuka ukili vyenyewe, yeye akiangalia kuku uani.

Juzi alisuka kama shibiri mbili, akasita, akanisogezea ncha.

"Shika hapa," alisema. "Usilegeze."