ELIYA ALIPOCHOKA

Mahubiri ya Jumapili, Bujumbura, kwa ndugu wanaowahudumia wakimbizi wenzao
Somo: 1 Wafalme 19:1-18. Soma pia Kutoka 18:13-27 na Marko 6:30-34



Leo sitahubiri juu ya Eliya wa mlima Karmeli. Huyo tunamjua: moto ulishuka, manabii wa Baali wakaaibika, mvua ikanyesha. Leo tumtazame Eliya wa baada ya hapo. Yezebeli ametuma neno kwamba atamwua, naye anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu auondoe uhai wake. Mtu wa Mungu kabisa! Tena mtu aliyekwisha kuyajua maisha ya ukimbizi, maana kabla ya hapo alivuka mpaka akaishi Sarepta, nchi ya Sidoni, nyumbani kwa mjane aliyebakiwa na unga kidogo tu.

Naleta neno hili kwa sababu akina Eliya wako kati yetu. Ni wale wanaotembelea wagonjwa, wanaoandika majina ya wageni, wanaowasikiliza akina mama waliotendewa mabaya njiani, wanaowatafutia watoto jamaa zao. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, kwanza Februari, kisha tena Desemba vita vilipofika Uvira. Nani aliwapokea usiku ule? Mashirika yalikuja, tunashukuru. Lakini wa kwanza kuamshwa alikuwa mkimbizi wa zamani, anayejua lugha, anayejua njia ya kwenda hospitali.

Na hapo ndipo penye uzito wa pekee. Mfanyakazi mgeni akisikia habari ya nyumba iliyochomwa, anahuzunika. Wewe ukiisikia, unaiona nyumba yako. Wako kati yetu waliowauguza watu wa Gatumba, baada ya usiku wa 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa kambini, wengi wao Wabanyamulenge. Wengine waliowahudumia majeruhi walikuwa wamefiwa na ndugu zao usiku uleule. Hakuna aliyewauliza wao wanalalaje.

Koroboi tunaijua sote. Mafuta yakiwamo, utambi haupungui upesi. Mafuta yakiisha na taa bado inawaka, ujue sasa unaungua utambi wenyewe. Kwa muda kidogo mwanga huonekana uleule, na watu husifu: angalia mtumishi huyu, hachoki!

Aliyeandika habari za hali hii katika vitabu vya wataalamu mwaka 1974 ni daktari wa mambo ya nafsi, Herbert Freudenberger. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, Myahudi aliyetoroka Ujerumani ya Wanazi akiwa kijana mdogo. Huko New York, baada ya kazi yake ya mchana, alikwenda kuhudumu bure katika kliniki ya maskini. Akaona wenzake waliokuja na moyo wa kusaidia wanakauka, wanakuwa wakali, wanawachukia wale waliokuja kuwasaidia. Naye yakampata. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kwa alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuwa mbali na kazi hata kuidharau, na kuona kwamba unalofanya halina faida. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Ni hali inayotokana na mzigo wa kazi uliokaa muda mrefu bila kupunguzwa. Msomeni Eliya tena, hizo alama tatu zote anazo.

Mimi nazijua bila kitabu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja, mjane, alikuja kwangu mara ya tatu kwa sababu ya shitingi iliyopasuka. Mvua ilikuwa inamnyeshea yeye na watoto. Nikamwambia mbele ya watu, “Na wewe tena?” Akaondoka bila kujibu. Usiku sikulala, lakini sikuwa na huruma pia, na hilo ndilo lililonitisha: nilitafuta huruma ndani yangu sikuiona. Kesho yake nikaenda kumwomba msamaha. Alinitazama usoni, akauliza, “Baba mchungaji, tangu jana umekula?” Nilikuwa sijala. Akanipa muhogo na maji kwenye kopo, nikala nimeketi juu ya jiwe mlangoni kwake.

Sasa tazameni Mungu alimfanyia nini Eliya. Hakumhubiria. Hakumwambia imani yako ndogo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena! Mara ya pili malaika akamwamsha ale, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu. Maongezi marefu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40. Sisi wachungaji hugeuza mambo: mtu amechoka, tunamwongezea mkesha.

Eliya alikosea mahali, nasema kwa heshima. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Ndiyo maana huko mlimani anarudia kwamba amebaki yeye tu. Mungu anamjibu kwa hesabu: wako 7,000 wasiompigia Baali magoti. Kisha anampa jina la mtu wa kumrithi kazi, Elisha. Tunaposema kwamba tukiacha kazi siku moja watu watakufa, tunafikiri ni upendo. Mara nyingine ni kujiona.

Musa naye aliketi kuamua mambo ya watu tangu asubuhi hata jioni, watu wamepanga mstari kama mbele ya ofisi zetu. Yethro mkwe wake akamwambia wazi kwamba jambo hili si jema, litamchosha yeye na watu pia. Sikilizeni vizuri: na watu pia. Anayengoja mstarini siku nzima naye anachoka. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mgeni, lakini Musa alisikia. Wakachaguliwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Kambi ile ilikuwa ya wakimbizi, na hivyo ndivyo ilivyopangwa.

Sisemi mapumziko ni rahisi. Mitume walikosa hata nafasi ya kula, Yesu akawachukua kwa mtumbwi waende mahali pa faragha. Walipofika, makutano yalikuwa yametangulia! Mapumziko yao yakawa ni ule mwendo wa ziwani tu. Ninyi mnaolijua ziwa Tanganyika mnaelewa: hata mwendo mfupi, mbali na ng'ambo zote mbili, hakuna anayekuita.

Kwa hiyo nasema nanyi mlio familia zao. Mke au mume wa mhudumu, ukiona mwenzako amenyamaza wiki nzima, au anawapiga watoto kwa kosa dogo, usimwambie tu aombe. Mwulize habari zake, mpikie, mpe usiku mmoja wa kulala. Na sisi majirani, tusibishe hodi saa tatu ya usiku kwa jambo linaloweza kungoja kesho. Kadi ya chakula haitabadilika usiku. Mgonjwa, mama mwenye uchungu, mtoto aliyepotea, hao ndio wa kuamshiwa mtu. Chakula kikipunguzwa, tusimtukane aliyetumwa kusoma orodha, maana si yeye aliyepunguza.

Lakini mtu akitamani kufa kama Eliya, au akikosa usingizi kwa majuma mengi, au akiona mambo ambayo wengine hawayaoni, tumpeleke kwa wataalamu. Hapa Bujumbura kuna kituo cha Kamenge cha magonjwa ya akili na mishipa, cha Mabruda wa Upendo. Mchungaji David Niyonzima wa Kanisa la Marafiki, aliyenusurika mauaji ya wanafunzi wake mwaka 1993, ndiye mwanzilishi wa THARS, shirika la kutibu majeraha ya moyo. Kumeza dawa si kumkana Yesu. Wenye tansio humeza kila siku, na wanaimba kwaya.

Wazee wamekubaliana hivi. Tangu juma lijalo hakuna atakayetembelea nyumba peke yake, bali wawili wawili. Kila mhudumu atakuwa na siku moja asiyoitwa, na siku hiyo mwenzake ashike zamu. Jumatano jioni wahudumu watakutana chumba cha nyuma, bila waandishi wala wageni, kila mmoja aseme yaliyomlemea, na yakisemwa pale yabaki pale. Mkutano huo uishe kabla ya giza, na kuwe na chai.

Zamu za Jumamosi bado hazina watu. Tunahitaji wanne, wanaume kwa wanawake, hata wasiojua kusoma wanafaa. Baada ya ibada andikisheni majina kwa katibu, pale mlangoni.

Tusimame, tuombe.