Baba Mdogo Alipokwenda kwa Serikali

Tshekedi Khama hakuwa mzee mjinga. Hili nalitanguliza kwa sababu wasimulizi wa kisa cha Seretse na Ruth hupenda kumfanya baba mdogo huyu gogo lililolala njiani mwa wapendanao, na hapo funzo lote hupotea. Tangu 1926, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, aliwaongoza Wabamangwato wa Bechuanaland, nchi tunayoiita leo Botswana, kwa niaba ya mtoto mdogo wa marehemu kaka yake. Alimlea mtoto huyo, Seretse, akamsomesha, na mwaka 1945 akamwachia aende Oxford, kisha London kusomea sheria. Miaka hiyo yote alihangaika kuzuia Afrika Kusini isiimeze nchi yao. Mwaka 1933 alipothubutu kumhukumu kijana mmoja wa Kizungu achapwe viboko, Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi, walishusha askari wa majini na mizinga, wakamvua madaraka kwa muda. Aliijua serikali ya Wazungu ilivyo.

Septemba 1948 alipokea barua ya ndege. Seretse, wakati huo ana miaka 27, alimwarifu kwamba yu karibu kumwoa Ruth Williams, karani wa kampuni ya bima jijini London, binti wa Kiingereza. Harusi ilikuwa siku chache mbele.

Hapa kijana naye anastahili lawama yake. Barua ya namna hiyo haiombi rai, inatoa taarifa. Kwa Wabamangwato mke wa chifu alikuwa jambo la watu wote, kwa sababu ndiye atakayemzaa chifu ajaye. Posa ilipaswa kupita kwa wazee, na maneno kusemwa barazani. Seretse aliyajua haya kuliko mtu yeyote. Alinyamaza zaidi ya mwaka mzima tangu alipofahamiana na Ruth, nadhani kwa sababu aliogopa kwamba akisema mapema atazuiwa. Hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Lakini mzee anayeletewa jambo likiwa limekwisha hubakiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni hasira.

Tshekedi akaupita mlango huo. Hakuuliza binti huyu ni nani, katoka nyumba gani, ana tabia gani. Akatuma simu za maandishi kwa mawakili, kwa wamisionari, kwa wakuu wa serikali ya kikoloni: izuieni ndoa. Askofu wa London akataka kwanza kibali cha serikali, na kanisa likawafungia maharusi mlango. Tarehe 29 Septemba wakaoana katika ofisi ya msajili wa ndoa, Kensington. Babake Ruth, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi huko India, hakufika. Wazee wawili wa rangi mbili, wasiowahi kuonana, walikuwa wamekubaliana neno moja.

Seretse alirudi Serowe, mji mkuu wa Wabamangwato, peke yake, akasimama mbele ya kgotla, baraza la wazi la Watswana ambamo kila mwanamume alikuwa na haki ya kusema. Novemba 1948 karibu wote walimkataa mkewe. Desemba sauti zilianza kugawanyika. Juni 1949, mkutano wa tatu, yeye mwenyewe aliwataka wasiomkubali mkewe wasimame, na waliosimama walikuwa wachache. Kisha akawaita wanaomkubali, na maelfu wakainuka kwa kelele.

Kilichobadilika katika miezi ile saba si rangi ya Ruth. Wala sidhani wazee wale walikuwa wamegeuka wapenzi wa ndoa za mchanganyiko. Walichofanya ni kusema hofu zao hadharani hadi zikajulikana ni zipi: kwamba chifu ataondoka asirudi, kwamba baba mdogo huenda anakitaka kiti mwenyewe, kwamba mtoto wa mama Mzungu hatakuwa wao. Hofu ikishatajwa, inajibika. Mwenye kumkatalia mwanawe mchumba kwa neno “si wa kwetu” mara nyingi ana jambo jingine chini ya ulimi. Pengine ni upweke wa uzeeni, pengine ni lugha watakayozungumza wajukuu, pengine dini, au aibu mbele ya majirani. Kijana anayejibu kwa kumwita mbaguzi, hata kama kweli ni mbaguzi, hatalisikia jambo hilo.

Wazee nao wangekumbuka babu zao. Khama wa Tatu, babu yake Seretse, ambaye jina lake liliheshimiwa mno katika ukoo ule, ujanani alimkatalia baba yake mzazi mke wa pili aliyechaguliwa, kwa sababu yeye Khama alikuwa amebatizwa. Ugomvi ule uliitikisa nchi. Miaka themanini baadaye uasi wa babu ulikuwa umekwisha kuwa mila, na mjukuu analaumiwa kwa kuivunja.

Baraza lilikuwa limekwisha kuamua. Tatizo ni kwamba Tshekedi alikuwa amewaita wageni, na mgeni aliyeitwa ugomvini haondoki kwa kuambiwa asante. Aliomba serikali ichunguze. Jirani, Afrika Kusini, serikali ya waziri mkuu D. F. Malan ilikuwa ndiyo kwanza imepiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu mwaka huohuo wa 1949, na Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya nchi hiyo. Ripoti ya uchunguzi iliona kwamba Seretse anafaa kuwa chifu, ila ndoa yake itawaudhi majirani. Ikafichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1950 Seretse aliitwa London, akaahidiwa posho ya pauni 1,100 kwa mwaka ajiuzulu, akakataa, akafukuzwa nchini kwake. Tshekedi naye alizuiwa kukanyaga ardhi ya Wabamangwato. Mtu aliyetumia ujana wake wote kuizuia Afrika Kusini alikuwa amewapa Waingereza kisingizio cha kuiridhisha. Mwaka 1952 polisi waliuawa katika ghasia za Serowe, watu wakikataa kuchaguliwa chifu mwingine.

Siku hizi hakuna anayemwandikia gavana. Mjomba hulitupa jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, au shangazi humwendea mchungaji kabla hajamwendea binti mwenyewe, na kufikia jioni watu arobaini wana maoni juu ya mchumba wasiyewahi kumpa hata kikombe cha chai.

Seretse na baba yake mdogo waliketi pamoja London Agosti 1956. Wote wawili wakauacha uchifu, na mwaka huohuo Seretse akarudi nyumbani na Ruth, raia wa kawaida. Miaka kumi baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Botswana huru. Na yule mtoto wa mama Mzungu? Ian, mwanawe wa kwanza wa kiume, alisimikwa uchifu wa Wabamangwato mwaka 1979, na tangu 2008 hadi 2018 alikuwa rais wa nchi.

Tshekedi hakuyaona hayo, alifariki 1959. Ila mwaka mmoja kabla, Ruth alijifungua mapacha wa kiume. Mmoja aliitwa Anthony, kwa heshima ya Tony Benn, mbunge wa Kiingereza aliyewatetea. Wa pili wakamwita Tshekedi.