Makapi ya Miwa ni Mali ya Nani?

Makapi yanayobaki muwa ukishakamuliwa kiwandani hufikia kati ya robo na theluthi ya uzito wa muwa wenyewe, na karibu nusu yake ni maji. Nyuzi zake hutengeneza karatasi nzuri. Swali la kimaadili huanzia hapo: kuyachukua ni kuokoa kilichokuwa kikipotea, au ni kumpokonya aliyekuwa akikitumia?

Dini hazikuliacha suala la masazo wazi. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kuokota yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Katika Qur'ani, Sura ya 6 aya ya 141, amri ya kutoa haki ya mavuno inafuatiwa papo hapo na katazo la israfu. Kwa mafundisho yote mawili, kupoteza ni kosa, lakini masazo nayo yana mwenyewe.

Kisa cha India kinalionyesha hilo vizuri. Kampuni ya Tamil Nadu Newsprint and Papers ilianzishwa na serikali ya jimbo mwaka 1979 ili itengeneze karatasi kwa makapi ya miwa. Lakini viwanda vya sukari vilikuwa tayari vinayachoma kwenye matanuri ya kupatia mvuke. Ikabidi wabadilishane: kiwanda cha sukari kitoe makapi, kipewe mvuke au makaa ya mawe. Makapi hulundikwa uwanjani na kumwagiwa maji yasioze wala kushika moto, kwa kuwa msimu wa miwa una mwisho. Kiini chake laini huondolewa, maana hufyonza kemikali bure, kisha nyuzi hupikwa kwa soda kali.

Kwa hiyo miti husalimika, lakini penye makaa ya mawe moshi umehamia kwingine. Anayeihesabu miti tu amesoma nusu ya daftari.

Mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani Punjab kila Oktoba na Novemba, ili ngano ipandwe upesi, yana hoja nzito zaidi ya kugeuzwa karatasi: moto ule haupiki chochote. Hata hapo udongo na ng'ombe wana fungu lao, ingawa ni nadra kutajwa. Kikwazo kikubwa ni silika, madini kama ya mchanga, iliyojaa kwenye mabua hayo. Huganda mitamboni na kuzuia kemikali za kupikia zisirejeshwe na kutumiwa tena, na ndiyo sababu viwanda vingi huyakwepa.