Ridhaa Haikamiliki Bila Lugha: Tafakari Juu ya Upasuaji wa Kuinua Matiti

Yapo mambo ambayo walimu wa lugha hudhani kuwa hayawahusu, wakayaachia madaktari, mashehe na mapadri. Upasuaji wa kuinua matiti ni mojawapo. Mtu akilitaja jambo hilo katika mkutano wa walimu, huenda wengine wakainamisha vichwa, na wengine wakauliza lina uhusiano gani na ngeli za nomino. Sisi twaona kwamba uhusiano upo, tena ni wa karibu. Kama mwanamke aufanye upasuaji huo au asiufanye ni swali la maadili. Lakini haliwezi kujibiwa kwa haki mpaka swali jingine litangulie: je, amejua nini, na amekijua kwa lugha gani?

Twaliuliza swali hili tukiutazama mji wa Bujumbura, ambako Kiswahili kina makao ya zamani katika mitaa kama Buyenzi, na ambako, hasa baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kimepata nafasi pana zaidi shuleni. Mwanamke wa mji huu huweza kuongea na mama yake kwa Kirundi, akabishana bei sokoni kwa Kiswahili, kisha akafika hospitalini na kuandikiwa hali yake kwa Kifaransa. Ndimi tatu katika siku moja ni utajiri. Lakini siku ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji, utajiri huo waweza kugeuka kuwa giza.

JINA NA HESHIMA YAKE

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi zetu zaonyesha kwamba titi huitwa pia ziwa, na wingi wake ni maziwa. Neno hilo hilo la maziwa ndilo tulitumialo kwa kinywaji cha mtoto. Na ziwa ndilo jina la maji mapana kama yale ya Tanganyika yaliyo mbele ya Bujumbura. Hatusemi kwamba wahenga walikaa wakapanga iwe hivyo. Twasema tu kwamba Mswahili alitajapo kiungo hiki, jina lenyewe humkumbusha riziki. Shaaban Robert, katika shairi lake la kukisifu Kiswahili, alipotafuta mfano wa utamu wa lugha ya mama hakwenda mbali. Aliukuta katika titi la mama.

Warundi nao wamekwenda njia hiyo hiyo. Ngoma yao ya kifalme, ambayo uchezaji wake uliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO mwaka 2014, ina sehemu zilizopewa majina ya uzazi: ipo amabere, yaani maziwa ya mama, na ipo urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Hata hivyo, mwaka 2017 amri ya serikali iliwazuia wanawake kuzipiga ngoma hizo. Hapo pana fundisho. Heshima ya alama si lazima iwe heshima ya mwenye mwili. Watu waweza kulisifu titi katika shairi na katika ngoma, na bado wasimwulize mwenye titi anaonaje.

Tena lugha hiyo hiyo iliyosifu huweza kuumiza. Twasema kwamba matiti ya fulani "yameanguka". Na sisi walimu twajua uzito wa kitenzi hicho, maana mwanafunzi naye huanguka mtihani. Vijana wa mitaani hupima kifua cha msichana kwa mishale ya saa. Hata jina la upasuaji rekebishi, ambalo limeenea tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipotangaza huduma za namna hiyo mwaka 2023, lina hukumu ndani yake: hakirekebishwi ila kilichoharibika. Lakini titi lililoshuka baada ya uzazi halikuharibika. Ngozi imetanuka, kano zinazolishikilia zimelegea, na tezi zimepungua baada ya kazi yake. Huo si ugonjwa wala aibu. Ni mwendo wa mwili.

MWILI NI WA NANI?

Katika shauri hili husikika sauti tatu. Ya kwanza husema: mwili ni wake, na afanye apendavyo. Ya pili husema: mwili ni amana ya Mungu, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuibadili. Ya tatu haisemi kwa sauti, bali hunong'ona: mumeo atatazama kwingine.

Sauti ya kwanza ina haki ndani yake, ila ni fupi mno. Kumwambia mtu "ni shauri lako" kisha kumnyima maarifa ni kumwacha njia panda usiku. Aidha, pendo la mtu halizuki hewani. Anayetaka leo alichokidharau jana, baada ya kutazama picha elfu katika simu, yafaa ajiulize kama sauti anayoisikia ni yake.

Sauti ya pili nayo haifai kubezwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutofautisha kuondoa dhara na kugeuza umbile kwa kutafuta pambo tu. Na Wakristo, ambao ndio wengi nchini Burundi, nao hufundishwa kwamba mwili ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, tusijifanye kwamba kuugusa mwili ni jambo geni lililoletwa na meli. Wazee wetu walichanja chale na kuchonga meno. Wamakonde walivaa ndonya. Na masikio ya binti zetu hutogwa hadi leo. Kila jamii imeupamba mwili, na kila jamii imeweka mipaka. Kisha yupo mwanamke ambaye uzito wa kifua humtia maumivu ya mgongo na vidonda vya ngozi, na yupo aliyeondolewa titi moja kwa saratani akatamani la pili lilingane na lile alilotengenezewa. Kuwahukumu hawa pamoja na mwenye kufuata mtindo si haki.

Sauti ya tatu ndiyo tunayoiogopa kuliko zote, kwa sababu huvaa nguo ya mapenzi. Mume ambaye ndoa yake hutegemea mahali chuchu ilipo, hakuna daktari wa kuishona ndoa hiyo. Anayelazwa juu ya meza ya upasuaji ili asiachwe hakuridhia. Ameshurutishwa, ingawa hakuna aliyemshika mkono.

Kwa hiyo jibu letu halimo katika "fanya" wala katika "usifanye". Limo katika ridhaa. Na ridhaa ya kweli ina nguzo tatu: ujuzi, uhuru na wasaa. Ikivunjika moja, nyumba imelala.

YAPASAYO KUJULIKANA

Kwanza, ijulikane upasuaji wenyewe ni kitu gani. Daktari hukata na kuondoa ngozi iliyozidi, huivuta tishu iliyobaki juu na kuipa umbo, kisha huihamisha chuchu ikae mahali pa juu zaidi. Si kuongeza ukubwa, ambako huhitaji vifuko vya kutiwa ndani. Wala si kupunguza, ingawa kazi hizo huweza kuunganishwa. Mara nyingi mgonjwa hupewa nusukaputi, akalala usingizi asijue lolote kwa muda wa saa mbili tatu. Mafuta ya kupaka hayawezi kufanya kazi hiyo. Mazoezi nayo hukuza misuli ya kifua iliyo chini ya titi, lakini titi lenyewe halina msuli wa kuliinua.

Pili, makovu. Hakuna kuinua pasipo kukata, wala hakuna kukata pasipo kovu. Kovu laweza kuizunguka chuchu, laweza kushuka wima hadi chini ya titi, na kwa titi lililoshuka sana laweza pia kufuata mkunjo wa chini, likafanana na nanga. Hufifia kwa miezi mingi, lakini halifutiki. Hapa sisi Waafrika tuna la kuangalia zaidi, maana ngozi nyeusi huelekea zaidi kupata kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Mwanamke na ajiulize: masikio yangu yalipotogwa, yalipona vipi? Je, jeraha la upasuaji wa uzazi liliacha uvimbe? Majibu hayo amwambie daktari kabla ya kisu.

Tatu, hatari. Damu yaweza kuvuja, jeraha laweza kuoza, matiti mawili yaweza kutofautiana. Chuchu yaweza kufa ganzi kwa muda au daima, na mara chache huweza kukosa damu ikapotea. Mvuta sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa vidonda vyao hupona kwa shida. Mwenye uvimbe wowote titini hana budi kuchunguzwa kwanza. Na kwa umri unaostahili, picha ya matiti hupigwa kabla, ili madaktari wa baadaye wasichanganye kovu na ugonjwa.

Nne, uzazi. Upasuaji huu waweza kupunguza uwezo wa kunyonyesha, na mimba mpya yaweza kulishusha tena titi lililoinuliwa. Ndiyo maana madaktari wengi humshauri mwenye nia ya kuzaa angoje. Hapa pia yafaa tuondoe tuhuma moja iliyozoeleka, ya kwamba kunyonyesha ndiko kunakoyaangusha matiti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulitaja umri, unene, idadi ya mimba, ukubwa wa matiti na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuwa sababu. Binti anayemnyima mtoto titi ili alihifadhi amemnyima riziki bure.

Tano, kudumu. Titi lililoinuliwa halikutolewa katika ulimwengu wa uzito na miaka; litashuka tena polepole.

Sita, mahali na mtu. Mkazi wa Bujumbura huenda akatazama Nairobi, Dar es Salaam au India. Bei aliyoambiwa si gharama yote: ipo nauli, ipo malazi, zipo wiki kadhaa za kutobeba mzigo wala mtoto. Zaidi ya hayo, mshono ukifunguka baada ya kurudi nyumbani, nani atakayeutazama? Na daktari ni nani? Mwishoni mwa mwaka 2024, jijini Nairobi, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo wa kuondoa mafuta, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaamuru kliniki ifungwe. Upasuaji ule haukuwa wa matiti, lakini swali ni moja: je, daktari huyu ni bingwa wa kazi hii, ameandikishwa na baraza la nchi yake, na mahali hapa pana vifaa vya kumwokoa mgonjwa mambo yakiharibika? Kuuliza si ujinga. Daktari anayechukizwa na maswali hayo amekwisha kutoa jibu.

RIDHAA NA LUGHA

Mambo hayo sita hayakosekani katika karatasi za hospitali. Huwamo. Lakini humo yamo kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, tena cha kitaalamu, na huwekwa mbele ya mtu aliyekwisha lipa, aliyekwisha vaa gauni la upasuaji, ambaye anaona haya kusema kuwa hakuelewa. Anatia sahihi. Sheria huenda ikaiita hiyo ridhaa. Sisi tunaofundisha maana ya maneno hatuwezi kuiita hivyo. Neno lisiloeleweka halimfungi mtu kwa haki, kama ambavyo hakuna anayefungika kwa kiapo alichotamkishwa usingizini.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu wa Kiswahili inapoanza. Vitabu vingi vya kufundishia sehemu za mwili huanza kwa kichwa, vikashuka mabegani, kisha vikaruka hadi magotini. Stara ni jambo jema, lakini stara isiyompa msichana jina la kiungo chake humwacha bubu mbele ya daktari. Titi, chuchu, tezi, uvimbe, usaha, mshono, kovu, ganzi, nusukaputi, madhara, ridhaa: haya ni maneno ya heshima, nayo yana haki ya kukaa darasani kama vile jembe na kalamu. Mwanafunzi wa Bujumbura akiyajua kwa Kiswahili, na akayalinganisha na ya Kirundi chake, atakuwa na uwezo wa kusema sentensi ambazo hakuna karatasi ya kuzisema badala yake: "Sijaelewa, nieleze tena." "Kovu litakuwa wapi?" "Nikibadili nia leo, itakuwaje?"

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kipimo. Mwenye uhuru wa kusema hapana asubuhi ile ile ya upasuaji ndiye aliyesema ndiyo kwa kweli. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hiyo ni kali, na twaikubali kwa sharti moja: aliyejidunga awe aliuona mwiba. Aliyefungwa macho kwa lugha asiyoijua hakujidunga, amedungwa.

Basi atakayechagua kuinua matiti yake baada ya kujua, kwa hiari na kwa wasaa, tusimcheke wala tusimhukumu. Atakayechagua kuyaacha yalivyo, yakiwa yamefanya kazi yaliyoumbiwa, tusimwambie kuwa ameanguka. Na kwa walimu wenzetu, tuwafundishe binti zetu majina ya miili yao, kabla mgeni hajawafundisha bei zake.