Miaka 18 na Utu Uzima

Kijana wa familia ya Kikristo mjini Mpanda atimizapo miaka 18, sheria humtoa utotoni. Nyumbani huombewa, huimbiwa. Je, tarehe yaweza kumkomaza mtu? Katika mkoa huohuo wa Katavi, kule Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman alifika mwaka 1889, akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka uzeeni, alifariki 1956. Alikuwa ametekwa na kuuzwa angali mtoto, hata siku aliyozaliwa hakuijua. Nani angethubutu kumwita mchanga? Siku ya kuzaliwa, basi, haithibitishi ukomavu. Humkumbusha kijana uhai asiouchuma (na usingizi wa mamaye, ambao hajaulipa). Pengine ndiyo sababu, akiisha kukata keki, haanzi kujilisha: huwalisha wazazi kwanza.