Nani Amekosa, Shahidi au Hakimu?

Jambo lililoonwa kwa macho likipingana na neno tulilolisadiki, tulaumu lipi? Wengi wetu huharakisha kusema, "Aliyetazama amekosea." Mara nyingi ni kweli, maana hakuna kipimo cha mwanadamu kisicho na upungufu. Walakini neno hilo laweza kuwa maficho ya uvivu, hata ya uwongo.

Na tutazame habari za Johannes Kepler, Mjerumani aliyesomea kwanza elimu ya dini, kisha akashika elimu ya nyota. Alitumia vipimo vya Tycho Brahe wa Denmark, aliyefariki mwaka 1601, ambaye kwa miaka mingi alipima mahali pa nyota bila darubini. Kepler alitafuta kanuni iongozayo mwendo wa sayari ya Mirihi. Baada ya taabu nyingi akapata kanuni ya duara iliyopatana na vipimo kwa sehemu kubwa. Lakini palisalia tofauti ya dakika 8, yaani yapata robo ya upana wa mwezi mpevu tuutazamapo angani.

Nani angalimlaumu kama angaliifumbia macho? Lakini alijua kadiri ya makosa ya Tycho, ya kuwa hayakufikia dakika 8. Basi hakumtwika shahidi mwaminifu kosa lisilo lake. Aliiacha kazi yake, akaanza upya; na katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 akaonyesha ya kuwa njia ya Mirihi ni duaradufu, mfano wa duara iliyobonyezwa kidogo.

Mwaka 2016 wataalamu watatu, Brunton, Proctor na Kutz, walitangaza njia ya kutafuta kanuni za namna hiyo kwa kompyuta. Kompyuta hupewa vipimo, pamoja na sehemu nyingi za hesabu ziwezazo kuwamo katika kanuni; huzipepeta, ikizitupa zenye uzito mdogo, hata zibaki chache zitoshazo kueleza mwendo. Lakini kiasi cha kutupa huwekwa na mtu. Akikiweka chini mno, makapi huitwa nafaka. Akikiweka juu mno, nafaka hutupwa pamoja na makapi.

Basi twaona ya kuwa chombo hakikuliondoa swali la dhamiri. Yatupasa kujua kadiri ya upungufu wa shahidi kabla hatujajua kama maneno yake yatatupendeza. Tofauti ikiwa ndogo kuliko upungufu ule, tusijenge juu yake. Ikiwa kubwa, tusimsahihishe shahidi, bali tujisahihishe sisi. Na tufanye vivyo hivyo barazani, ndugu asemapo neno lisilopatana na dhana yetu.